Siku Niliyoitafsiri Haki Vibaya

Mwaka uliofuata Uhuru nilikuwa na miaka ishirini na mmoja, baiskeli iliyokuwa ikilia mnyororo, na kazi ya ukalimani katika korti ndogo ya wazee nje kidogo ya Migori. Nilikuwa nimetoka kwetu Homa Bay na furaha ya mtu aliyekabidhiwa ufunguo wa nyumba kubwa kabla hajajua ina vyumba vingapi. Kila kitu kilikuwa kipya. Bendera ilikuwa mpya, mihuri ilikuwa mipya, hata salamu zilikuwa na mlio mpya. Katika chumba kile cha bati watu walileta kesi zao kwa Kijaluo, kwa Kikuria na kwa Kiswahili, na kila neno lilipita kinywani mwangu kabla ya kufika upande wa pili. Nilijiona daraja. Daraja halijui kwamba linaweza kuanguka.

Siku yangu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa Jumapili, alasiri. Tulikuwa watu watatu na tulikutana nyuma ya duka la fundi cherehani mmoja, Msabato, mwenye vidole virefu na sauti ya mhubiri. Jumamosi hangegusa hata sindano. Mwenzetu wa pili alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, msichana wa Kikatoliki aliyesoma shule ya misheni ya Asumbi, na yeye Jumapili asubuhi alikuwa kwenye misa. Kwa hiyo mazungumzo yetu ya haki za binadamu hayakuwa na nafasi nyingine katika juma ila Jumapili baada ya chakula, chini ya suruali zilizotundikwa zikingoja wenyewe.

Mwalimu ndiye aliyeleta karatasi. Ilikuwa imepigwa chapa kwa Kiingereza, imekunjwa mara nne, na ilieleza haki ambazo mataifa ya dunia yalikubaliana kwamba kila mtu anazo. Kila mtu! Tulisoma mistari ile kwa sauti kama watu wanaosoma barua kutoka kwa ndugu waliyedhani amekufa. Hapo hapo tukaamua kuitafsiri kwa Kijaluo, ili akina mama wa sokoni nao waisikie. Mstari wa kwanza ulitushinda. Haki ni nini kwa Kijaluo?

"Kwanza tuseme inatoka wapi," fundi alisema. "Inatoka kwa Mungu. Hata Kiswahili kinajua. Binadamu ni mwana wa Adamu. Adamu aliumbwa na nani, na serikali?"

"Inatoka katika sheria," nikasema mimi, nikiwa nimeiweka katiba kichwani kama kofia. "Kisichoandikwa ni upepo."

"Omera, ndugu yangu, Mzungu naye aliandika," mwalimu akanijibu. "Aliandika tusitembee bila kipande, kile kitambulisho chake, shingoni. Ile nayo ilikuwa haki?"

"Ile ilikuwa sheria mbaya."

"Mbaya kwa kipimo gani, kama kipimo chenyewe ni sheria?"

Nilifurahi vibaya sana kushindwa. Nilirudi chumbani mwangu nikiendesha baiskeli kwa mkono mmoja, na mkono wa pili nikibishana na hewa.

Baada ya Jumapili tatu tulipata neno. Ni fundi aliyelitamka, huku ameuma pini. *Pok*. Ni neno la kila siku, maana yake fungu, sehemu inayomwangukia mtu watu wanapogawana nyama au shamba. Tulipiga makofi. Fundi alilipenda kwa sababu Mungu ndiye mgawaji. Mimi nililipenda kwa sababu katiba ndiyo mgawaji. Mwalimu alilipenda kwa sababu mafungu yanaweza kulingana. Tuliliandika kwa wino, na juma lile lote nilitembea nalo ulimi ukiwasha, nikingoja mtu aje kortini atamke haki nami nimwonyeshe tulivyo na neno lake.

Alikuja Jumatano. Alikuwa mjane, Mkuria aliyeolewa katika boma la Wajaluo mwendo wa saa moja kwa baiskeli kutoka sokoni. Mumewe alikuwa amekufa mwaka uliopita. Desturi ya boma ilitaka arithiwe na ndugu wa marehemu, na kabla ya hapo hakuna mtu angeruhusiwa kugusa nyumba yake hata kwa unyasi mmoja. Yeye alikataa kurithiwa. Na paa lilikuwa limeoza. Mvua za masika zilikuwa zimeanza kunguruma upande wa ziwa, na juu ya kitanda chake na cha binti yake anga ilionekana. Alikuwa amekata nyasi mwenyewe, akazifunga matita, akazisimamisha ukutani. Mwanamume mmoja alikubali kuja kuziezeka, shemeji yake akamfukuza. Hilo ndilo lililomleta: korti iseme kwamba mtu akipanda kuezeka paa lile, asizuiwe.

Rais wa korti, mzee mnene aliyezoea kuheshimiwa, alimwashiria asimame. "Nyar Kuria, sema neno lako." Ndivyo walivyomwita, binti wa Ukuria, kama wanavyoitwa wake wote kwa walikotoka.

"Nitasema kwa Kiswahili," alisema.

Watu walicheka. Shemeji yake, mtu mrefu aliyevaa koti la mvua ingawa jua lilikuwa kali, aligeuka kuwatazama wote. "Sikieni! Miaka kumi na tano anatugombeza kwa Kijaluo, leo amekuwa mtu wa Mombasa!"

"Shemeji," mjane akamjibu, bila kupandisha sauti, "kwa Kijaluo mimi ni mke wenu. Nikifungua mdomo tu, nimeshapiga magoti. Kwa Kiswahili mimi ni mtu ameleta kesi."

Rais alikuna kidevu. "Mkalimani yupo," alisema. "Afanye kazi yake."

Mjane akasema: "Sitaki kurithiwa. Nataka kukaa kwangu, na paa langu liezekwe. Hiyo ni haki yangu."

Ewe moyo wangu! Nilivuta pumzi kama mwimbaji, nikatafsiri yote vizuri, na mwishoni nikaliweka neno letu la Jumapili kama mtu anavyoweka ua mezani. *Pok*.

Wazee walilegea papo hapo. Nyuso zilizokuwa zimekunjwa zikafunguka. Mzee mmoja wa pembeni alisema, lo, kumbe anaomba fungu tu, na nani aliwahi kumnyima mwanamke fungu? Apewe kibanda cha jikoni kwa mama mkwe wake mpaka mvua ziishe. Mwingine akaongeza kwamba apewe na kipande cha shamba karibu na kijito. Hata shemeji alipanua mikono. "Mimi si mtu mbaya. Apewe! Nyasi zake nitazitumia kwenye zizi, nami nitambebea vyombo."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilikuwa nikitabasamu. Nilidhani natazama haki za binadamu zikitembea kwa miguu yao katika Nyanza Kusini. Nilikuwa tayari nikiandika kichwani jinsi nitakavyowasimulia wenzangu.

"Kijana," mjane aliniita. "Umewaambia nini?"

"Nimewaambia unataka haki yako, mama."

"La. Umewaambia nataka fungu. Unadhani sikusikia? Kijaluo nakipika kila siku." Alinisogelea hatua moja. "Fungu anatoa mwenye kisu. Akitaka anakata nono, akitaka anakata mfupa, na wewe unasema asante. Mimi sikuja kuomba. Umenifanya mwombaji, na nimesimama hapa hapa nakutazama."

Bati zima lilicheka. "Omera," shemeji akaniambia akijifuta machozi, "hata wewe umeshindwa na mke wetu!"

Masikio yaliwaka moto. Lakini ndani ya aibu ile, kitu kingine kiliruka kama samaki. Sisi watatu, na karatasi yetu, na wino wetu, tulikuwa tumebishana majuma matatu juu ya nani anagawa, na hakuna hata mmoja aliyeuliza kwa nini lazima pawe na mgawaji. Mwanamke ambaye hajawahi kuketi darasani alikuwa ameuliza kwa sentensi mbili.

"Sahihisha," rais aliniamuru.

Nilitafuta. Lilikuwapo neno *kare*, linalosema jambo liko sawa, liko mahali pake. Lakini *kare* lilikuwa mali ya wazee. Shemeji angelidaka hewani na kusema kurithiwa ndiko *kare*. Nilianza maneno mawili, nikayakata. Rais alinihurumia, au alichoka, akamgeukia mjane kupitia kwangu.

"Muulize hivi. Kama si fungu, kama hakupewa na mume, wala ukoo, wala korti hii, basi alipewa na nani?"

Lilikuwa swali letu. Lile lile la nyuma ya cherehani, sasa limevaa kofia ya korti, na juu ya jibu lake kuna paa la mtu. Nililitafsiri. Mjane alikuwa amelisikia vizuri kwa Kijaluo, lakini alingoja nimalize.

"Mwambie mzee," alisema, "kabla ya Uhuru alipanda juu ya lori pale sokoni akatuhutubia. Mimi nilikuwa mstari wa mbele, nimebeba mtoto mgongoni. Mzungu alikuwa anasema Uhuru atatupa polepole, akiona tumekomaa. Mzee alimjibu neno moja, tukapiga vigelegele mpaka koo zikauma. Muulize ni neno gani."

Sikuhitaji kutafsiri. Korti iliendeshwa kwa Kijaluo, lakini rais alielewa Kiswahili kama sisi sote. Aliitazama meza. Nje mtu alikuwa akimfukuza mbuzi.

"*En marwa*," rais alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. Ni wetu.

Hapo nililipata. Halikuwa neno la kutafuta. Watoto hulisema wakigombania kibao cha kukalia. *Marwa*, chetu, *mara*, changu, *mare*, chake.

"*En mare*," niliwaambia wazee. "Mama anasema paa ni lake. Hilo tu. Anasema ni lake."

Hakuna aliyecheka. Wazee walinong'onezana kwa muda mrefu sana. Mmoja alikataa kabisa na akataka iandikwe kwamba amekataa, karani akaandika. Kisha rais akasoma uamuzi: mjane atakaa katika nyumba yake, hatalazimishwa kurithiwa, na atakayezuia paa lile lisiezekwe atajibu mbele ya korti. Nilitaka kuruka juu ya benchi. "Lakini," rais aliongeza, "korti haipandi kwenye paa. Atakayepanda atautafuta moyo wake mwenyewe."

Mjane alitoka uani, akauliza kwa sauti: "Nani atakuja kuniezekea?" Wanaume walizitazama baiskeli zao. Waliogopa chira, ule mkosi unaosemwa kumla taratibu mtu aliyevunja mwiko, yeye na watoto wake. "Tutaona atakayepanda," shemeji alisema, akafunga vifungo vya koti lake. Na mimi, mtafsiri wa haki, niliitazama baiskeli yangu pia.

Jumapili nilifika kwa fundi nikihema. Niliwaeleza yote bila kukaa. Lo, ubishi wa siku ile! Fundi alisimama akasema ndiyo, hakuna mgawaji, kwa maana Mungu hakutugawia haki, alituumba nayo kama alivyotuumba na mbavu. Mimi nilisema basi sheria kazi yake ni kutambua tu, kama karani anayeandika mtoto aliyekwisha kuzaliwa. Mwalimu alilikata neno *pok* kwa mistari miwili ya wino, na akasema bado hajui kama mjane angekuwa na haki ile bila lile lori, bila umati, bila koo zilizouma.

Kisha akauliza: "Na paa?"

"Paa gani?"

"Paa, omera. Limeezekwa?"

Tuligeuka kutazama nje. Upande wa ziwa mawingu yalikuwa meusi kama masizi ya chungu.

"Mimi siogopi chira," fundi alisema. "Naogopa ngazi."

"Mimi mama yangu akisikia, hatanipakulia chakula mwaka mzima," mwalimu alisema, huku tayari akifunga kitambaa kichwani.

Tulikwenda na baiskeli mbili, mwalimu amekaa nyuma yangu na viatu vyake vya misa mkononi. Mjane alitupima kwa macho, mmoja baada ya mwingine. "Nani kati yenu amewahi kuezeka?" Hakuna. Alicheka, mara ya kwanza nimwone akicheka, akaanza kutupa amri kutoka chini. Alianza kwa Kiswahili, lakini tulipoharibu zaidi akahamia Kijaluo, kwa matusi ya kupendeza. Fundi alizishona nyasi kwenye fito kama anayeshona kola. Mwalimu alipitisha matita. Shemeji alikuja, akasimama kwenye ua wa minyaa, mikono nyuma. Nilidhani atalipuka. Alivumilia muda mrefu.

"Wewe mkalimani!" alipiga kelele mwishoni. "Unafunga nyasi kichwa chini! Maji yatapita hapo!"

Hakuvuka ule ua. Lakini hakuondoka pia, na kila tulipokosea alitusahihisha kwa uchungu wa mtu asiyeweza kuona kazi ikiharibiwa.

"Kwa hiyo tumekubaliana?" nilimuuliza fundi juu ya mgongo wa paa. "Haki inatoka wapi?"

"Hatujakubaliana," alisema. "Nipe nyasi."

Mvua ilipiga kabla hatujashuka ngazi. Tulikimbilia ndani, sote tumelowa, tukasimama gizani tukitazama juu na kusikiliza. Paa lilivuja mahali pamoja tu, upande niliofunga mimi. Mjane aliweka sufuria pale chini, akaisogeza kidogo mpaka tone likaingia katikati, akaniambia nirudi Jumapili.