Alhamisi za Fundi Viatu

Baba yangu alikuwa fundi viatu kwa miaka thelathini na minane, na mzee wa kanisa kwa kumi na tisa. Ni mwezi wa pili sasa tangu Mungu amwite. Naandika kwa sababu waliomzika walimjua nusu, na mimi mwanawe sina hakika kama nilimjua hata hiyo nusu.

Hakuwa mtu wa kukubali kushindwa. Akisema meza ikae dirishani, itakaa hapo hata mvua ikiinyeshea. Mama alishazoea. Kila Alhamisi alasiri Baba alifunga kibanda mapema, akaviringisha viatu kwenye gazeti, akasema, "Napeleka kazi za watu." Alirudi jioni shati limelowa jasho, akaoga, akala, akatusalisha.

Wiki moja baada ya mazishi, Mama alivuta kutoka chini ya kitanda jozi ya viatu vyeusi tusivyowahi kuviona mguuni kwa Baba. Vilikuwa vyepesi kama soksi. Soli haikuwa ya mpira bali ya ngozi laini yenye vinyweleo, kama sikio la paka. Ndani ya kimoja kulikuwa na kadi ya ukumbi wa dansi, imegongwa mhuri kila Alhamisi.

Mama aliisoma mara mbili. "Dansi hii wanacheza wawili wawili," akasema. "Huyo wa pili ni nani?"

"Mama, labda..."

"Labda sikukuuliza."

Mchonga mawe alikuwa anangoja maneno ya kaburi. Tulishakubaliana: jina, miaka, na "Mume mwaminifu". Mama akasema, "Maneno ya mwisho asiyachonge. Nenda ukaulize kwanza. Siwezi kuandika juu ya jiwe, mbele ya Mungu, jambo nisilolijua."

Alhamisi nikaenda, nikiomba njia nzima, ingawa sikujua naomba nini hasa. Ukumbi ulikuwa ghorofani, juu ya duka la magodoro: sakafu ya mbao, kioo ukuta mzima, viti vya plastiki. Watu kama kumi na wawili, wengi wenye mvi. Nikawaangalia wanawake mmoja mmoja. Yule wa gauni la bluu? Yule mwenye kicheko?

Mwalimu wao, mama mwembamba wanayemwita Mama Hesabu, akanijia. "Karibu, dada. Umekuja kujifunza?"

Nikaona haya kusema nilichofuata. Nikajibu, "Ndiyo." Mungu anisamehe.

Akanishika mkono. "Tunaanza na waltzi. Moja, mbili, tatu. Moja unapiga hatua, mbili unapanda, tatu unashuka taratibu. Usirukeruke, wewe si mbuzi." Nikapanda pa kushuka, nikashuka pa kupanda. "Haya, tango. Hapa hakuna kupanda. Magoti yalegee, hatua ya kunyatia, kisha kichwa, kata! Foksitroti ni kutembea tu, lakini kutembea kwa mtu asiyedaiwa wala kufukuzwa. Ukiikimbiza sana, umeingia kwenye kwikstepi."

Kisha wakapiga rumba. Nikaona viuno vya watu wazima vikizunguka polepole, nikainamisha macho. Nilijaribu kumweka baba yangu pale, yule aliyetukataza hata kupiga makofi kanisani kwa madaha, na picha ikakataa kabisa. Hapo nikashindwa kuvumilia.

"Mimi ni binti wa fundi viatu," nikasema. "Nataka kujua alikuwa anacheza na nani."

Mama Hesabu akaacha kuhesabu. Akaita, "Bucha! Njoo huku."

Akaja mwanamume mkubwa kama mlango, mikono kama mapaja. Kweli alikuwa muuza nyama.

"Alikuwa anacheza na mimi," akasema.

Nikadhani ananitania.

"Usinishangae, binti yangu. Baba yako alikuja kutuletea viatu. Yeye ndiye alikuwa anatuwekea soli hizi, zinazoteleza bila kukuangusha. Siku moja akataka kujifunza, na siku hiyo wanawake walikuwa pungufu. Mimi nilikuwa sijui kuongoza, hakuna aliyekubali kukanyagwa. Mwalimu akamwambia, 'Fundi, simama upande wa kike leo tu.'"

"Leo tu ikawa miaka kumi na mmoja," akasema Mama Hesabu. "Wanaume wote hapa wamejifunzia kwake. Mtu mwepesi! Ukimgusa bega tu, ameshajua unakwenda wapi."

"Baba yangu? Alikuwa anamfuata mtu?"

"Kinyumenyume, tena bila kutazama," akasema Bucha. "Alitaka kujifunza ili acheze na mkewe kwenye harusi yako. Lakini miguu ilishazoea upande ule. Tulimgeuza aongoze, akawa anagongana na kila mtu. Akatukataza kusema. Akasema akiweza ndipo atamleta mkewe."

Nikakumbuka harusi yangu. Baba alikaa kitini siku nzima, anasema goti linamuuma. Mama alicheza na wifi zake, na usiku ule hakumsemesha.

Nilirudi nikamweleza Mama yote, hata habari ya Bucha. Akacheka mpaka akashika ubavu, na kicheko kikageuka kilio, nami sikujua nimpe maji au leso.

"Miaka kumi na mmoja anaburutwa na muuza nyama," akasema, "mimi nimekaa hapa. Angeniambia! Mimi ningeongoza! Nani alisema lazima aongoze yeye?"

"Kwa hiyo hakukusaliti, Mama."

"Hakunisaliti. Alinificha. Sasa hilo linaitwaje?"

Nimemuuliza mchungaji swali hilo, naye akasema tuombe tu, jambo ambalo tunalifanya kila siku.

Jumatatu Mama akanituma kwa mchonga mawe. "Aandike 'Mume'," akasema. "Hilo lingine bado nazungumza na Mungu."

Mchonga mawe alipima kwa rula, akakuna kichwa. "Nilipanga nafasi ya maneno mawili, dada. Moja peke yake litakaa upande. Nilisogeze katikati?"

Nikamwambia aliache hapo hapo, na nafasi iliyobaki asiiguse.