Mlimaji Niliyemsugua kwa Ndimu

Usinicheke. Nimeshachekwa na wanangu, na padri wetu alikohoa tu akaniuliza kama nilikuwa nimekunywa. Sikuwa nimekunywa. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali la Septemba, hapa hapa Elisabethville, enzi za Wabelgiji, na niliyekula naye siku hiyo hakuwa mtu.

Nilikuwa boyi katika nyumba ya Madame mmoja. Ndivyo tulivyoitwa, hata mtu mzima mwenye mke kama mimi. Sebuleni kwake palikuwa na sanamu ya shaba kutoka Ufaransa, urefu wake kama mkono wangu: mlimaji ameegemea jembe, mikono ya shati ameikunja, miguuni viatu vya mbao. Nilimpenda sana. Mgongo wake ulikuwa mgongo wa marehemu baba. Lakini alikuwa mweusi tititi, na mimi nimekulia Kambove, baba yangu akichimba shaba; kwetu shaba isiyong'aa ni shaba iliyotelekezwa. Basi Madame aliposafiri nikachukua ndimu na majivu, nikamsugua uso na mikono mpaka akawaka kama sufuria mpya. Nilitaka Madame afurahi.

Ilunga, mpishi wetu, alipomwona alishika kichwa.

"Ndugu, unajiua. Bazungu banapenda ile weusi yake. Baba ya Madame njo alimuachia ile kintu."

Na Madame alikuwa anarudi jioni ile ile. Unajua maana yake? Ukifukuzwa kazi, nyumba ya cité, mtaa wetu sisi weusi, inakwenda nayo, unapandishwa lori kurudi kijijini Mitwaba kwa wazee wa ukoo. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane.

Ilunga akaenda sokoni. Nikabaki peke yangu nyuma ya jikoni na bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, nikimega bila hamu. Ndipo nikasikia viatu vya mbao vikigonga saruji. Akatokea mzungu mfupi mwenye jembe, uso na mikono vinametameta, akaketi chini karibu nami. Mzungu gani aliketi chini na boyi siku zile? Niamini, nilisogea nyuma. Lakini nilivyolelewa, mwenye jembe hapitwi bila kupewa pole.

"Pole na kazi, baba," nikasema. "Karibu bukari."

Akalaza jembe chini.

"Aksanti, ndugu. Tangu balinitengeneza, hakuna muntu alinipa pole." Akajigusa shavu. "Ulinitosha jasho yangu yote, uliipangusa. Sasa niko sawa na karani ya ofisi."

Nikamwomba msamaha kwa moyo wote. Akala kwa mkono, vizuri kuliko Ilunga. Alipomaliza akachovya vidole kwenye mawese ya sombe yaliyobaki, akafuta masizi ya chungu, akajipaka uso na mikono taratibu, kama mtu anayevaa shati lake mwenyewe. Kisha akanipiga bega. Mkono ule ulikuwa mzito, na baridi. Niliinama kufuta machozi. Nilipoinua kichwa hakuwapo.

Sebuleni alikuwa mahali pake, mweusi kama zamani. Jioni Madame aliingia, akamshika, akamnusa.

"Iko na harufu ya sombe," akasema, akacheka, akamrudisha mezani.

Binti yetu alizaliwa cité, chini ya bati letu wenyewe. Nami kila asubuhi nilimpa mlimaji pole yake, mpaka Madame aliporudi Ulaya na kumchukua. Nilimfunga mwenyewe kwa blanketi. Nililia, sioni aibu kusema.

Bega hili la kushoto halijapata joto tangu siku ile. Njoo uguse. Basi nakuonya, wewe unayependa kusafisha vya watu: ukimkuta mtu ameegemea jembe, hata awe wa shaba, anza na pole. Kitambaa baadaye, kama mwenyewe ameomba.