Barua Isiyo na Mwombaji

Nilikuwa mpiga chapa, tena mpiga chapa mwenye kiburi. Ninalisema hilo mapema ili mtu asije akaniuliza baadaye ilikuwaje. Katikati ya miaka ya sabini, vita vya kusini mwa Sudan vikiwa vimekwisha na mji wa Juba ukitafuta watu wa kujaza ofisi zake mpya, nilitoka Kenya nikaenda kufundisha wasichana kupiga chapa kwa taipureta katika chuo kimoja cha serikali. Binti yangu nilimwachia mama yangu nyumbani. Alikuwa na miaka mitatu na nusu.

Likizo ya nyumbani ilitolewa mkataba ukiisha, na wangu ulikuwa unaisha pamoja na kibali cha kazi, mwezi uleule ambao binti yangu angeanza darasa la kwanza. Nilikuwa nimemwahidi kwa barua kwamba mimi ndiye nitakayemshika mkono hadi langoni. Bila kibali kipya singepewa ruhusa ya kutoka nchini, na ndege ya Nairobi ningeisikia tu ikipita juu ya paa langu.

Ombi nililipiga mwenyewe, kwa Kiingereza cha ofisini. Karatasi ya chuo, nambari ya kumbukumbu juu, pambizo zimenyooka, hakuna herufi hata moja iliyofutwa. Inaombwa kwamba mwajiriwa aliyetajwa hapo juu aongezewe muda. Nikaambatanisha pasipoti, nikaipeleka ofisi ya uhamiaji wiki tano kabla ya shule kufunguliwa, nikarudi soko la Konyo Konyo kununua samaki huku nikijipongeza.

Baada ya wiki moja nikaenda kuuliza. Karani alikuwa mwanamume mpole aliyekaa ukimbizini Uganda miaka mingi, na Kiswahili chake alikitoa huko.

"Barua ilifika, dada," akasema kwa furaha. "Mzuri sana. Sisi nangoja."

"Mnangoja nini?"

"Huyo mutu. Akuje tu."

Mtu gani? Nikadhani anamngoja bosi wake atie sahihi. Wiki ya pili nikarudi, akaniambia malesh, yaani pole, mtu bado hajaja. Wiki ya tatu akaniambia, "Ambia mukubwa yako barua yake iko salama kabisa." Mkubwa wangu tena? Nikamweleza mkuu wa chuo, naye akasema basi andika barua ya pili niitie sahihi. Nikaipiga ya pili, nzuri kuliko ya kwanza. Karani aliipokea kwa mikono miwili, akaigonga muhuri wa kupokelewa, akaifungia ndani ya faili ileile. Kichwa kilikuwa kinaniuma. Nilianza kuamini kwamba kuna mtu kweli anayesubiriwa, na kwamba watu wote wa Juba wanamjua isipokuwa mimi.

Nje ya ofisi ile, kando ya ukuta, aliketi mwandishi wa maombi, mwenye meza ndogo na miwani iliyofungwa kwa uzi. Kila siku nilimpita bila kumsalimu. Nilimwona kuwa ni wa watu wasiojua kuandika. Wiki ya tano, nikitoka na macho mekundu, akaniita.

"Wewe, mama. Kila wiki naleta barua ya ofisi. Nani alikutuma?"

"Hakuna aliyenituma! Kibali ni changu mimi."

Akaisukuma miwani juu ya pua. "Sasa ombi yako iko wapi?"

Ndipo akanieleza, kwa ukali kidogo. Pale mwenye shida huja mezani, huisema kwa mdomo wake, ikaandikwa kwa mkono, ikabandikwa stempu ya serikali. Karatasi ya mashine yenye nambari ni ofisi inazungumza na ofisi. Wao huiweka vizuri, wakamngoja mwenyewe. Wiki zote hizo nilikuwa tarishi wa barua yangu.

Akashika kalamu. "Sema. Wewe nataka nini?"

"Inaombwa kwamba mwajiriwa..."

Akaiweka kalamu chini. "Nani naomba?"

Niliona aibu, kisha nikaanza kulia kama mjinga mbele ya watu. "Mimi," nikasema. "Nataka kumpeleka mtoto wangu shule."

Akaandika hivyohivyo. Karani alipoisoma akajipiga paji la uso. "Kumbe ni wewe!" Kibali kilitoka siku ya tatu. Lakini shule ilikuwa imefunguliwa Jumatatu, na mimi nilipanda ndege Alhamisi.

Nilifika nyumbani Ijumaa alasiri. Binti yangu ndiye aliyefungua mlango, amevaa sare iliyomzidi, soksi moja imeshuka. Akanisalimu kwa adabu kama alivyofundishwa. Akatazama sanduku langu, akatazama viatu vyangu. Nyuma yake niliona kibweta alimokuwa mama yangu akihifadhi barua zangu za miaka miwili na nusu, zimepangwa pamoja na risiti za kodi ya nyumba. Zote nilikuwa nimezipiga kwa mashine.

"Mama amekutuma?" akaniuliza.

"Sikutumwa na mtu," nikamwambia. "Ni mimi."

Akaitikia kwa kichwa, kwa heshima, kisha akachungulia nyuma yangu, barabarani.