Diski Isiyopaswa Kuzimwa

Siku ile tulikuwa wanne dukani kwangu, ninakotengeneza kompyuta, mtaani Barani: mimi, dada yangu anayenifuata, kitinda mimba wetu wa kike, na bibi mmoja wa Mambrui aliyekuwa akipiga video za shughuli za wanawake. Bibi alileta diski yake ya zamani ya kompyuta. Ndani mlikuwa na harusi ambayo marehemu mama alicheza chakacha. Kitinda mimba alimpoteza mama akiwa bado ananyonya; hakuwahi kumwona ila kwenye picha ya kitambulisho.

Diski ilikuwa mahututi. Nilijua ikizimwa haitawaka tena, nikaanza kuinakili asubuhi. Kufikia adhuhuri diski yangu kubwa, nakala ilikokuwa ikiingia, ilikaribia kujaa. Ilikuwa na nafasi ambayo sikuwahi kuigawa, nikaikatia sehemu mpya. Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, ikaniandikia kwamba diski inatumika, hivyo itafuata mgawanyo wa zamani mpaka niwashe upya.

Nikainuka, nikaketi, nikaenda mlangoni, nikarudi. Dada akauliza kwa nini nisizime niwashe, kama ninavyowafanyia wateja siku zote. Nikamwambia tukizima, mama ndiyo basi.

Bibi akacheka kidogo. "Umejenga chumba, mwanangu, na mwenye nyumba hana habari. Si umwambie?"

Amri ya kumwambia ipo: partprobe, inayoifanya Linux isome mgawanyo mpya bila kuzimwa. Lakini nilikuwa nimeitumia kwenye diski zilizotulia tu, si kwenye diski inayoandikwa. Nikaiandika, nikaifuta, nikaiandika tena. Nikabonyeza. Haikusema kitu. Nikaitisha orodha ya diski: sehemu mpya imo, na kunakili kunaendelea. Nikaiandaa, nikahamishia humo kazi za wateja zilizokuwa kwenye sehemu ya zamani, nafasi ya nakala ikapatikana.

Alasiri nakala ikakamilika. Ilibidi mtu aifungue kuhakikisha, na asingekuwa mimi. Wanawake wale walicheza wakijua hakuna mwanamume atakayewaona. Nikageuza kiti, nikatazama ukuta. Ngoma ikalia, na vigelegele. Kitinda mimba akauliza ni yupi. Dada akamwonyesha.

"Kaka," akasema, "anacheka kama wewe."

Nilipouliza malipo, bibi alikataa. "Kila aliyemo humo mpelekee nakala yake. Na umwombe idhini; wote wakiridhia, ndipo uone kipande cha mama yako."

Wa Mambrui nimewafikia, wameniridhia. Wa Adu na Marereni bado.