Sheria ya Alfayo na Gunia za Chepkurui

Alfayo wa Mogogosiek alioa mara mbili. Kwanza alimwoa Chepkurui kanisani, halafu akaoa Subaru ya bluu, na hii ya pili ndiyo aliyokuwa akiiogesha kwa maji moto kila asubuhi. Chepkurui alichemshiwa maji siku aliyojifungua, basi.

Klabu yake ya magari ilikuwa na watu watatu, yeye, Noah na Mageto, fulana tatu na sheria moja, aliyoiandika Alfayo mwenyewe: gari ya klabu haibebi majani ya chai, wala maziwa, wala ndama. Zamani walikuwa wanne. Ogoti alifukuzwa kwa kubeba ndama, tena ndama mgonjwa. Jumamosi hiyo walikuwa wachague mwenyekiti, na Alfayo alikitaka kile kiti mpaka usingizi ukamkataa.

Sasa, saa sita lori ya kiwanda cha chai, ile inayobeba majani ya wakulima, ikazama kwa matope. Chepkurui akaja na gunia mbili za majani.

"Baba Chebet, fungua gari."

"Sheria haikubali, mama."

"Haya yakipata moto ndani ya gunia yatageuka mekundu, kiwanda kiyakatae. Hapo Chebet atalipiwa karo na stika za gari yako?"

Alfayo akafungua. Akaziketisha gunia kiti cha nyuma, akazifunga mkanda kama wazee wa kanisa. Alipozifikisha kiwandani akafagia gari mara tatu, akapuliza manukato.

Saa tisa wanaklabu wakakutana kwa kituo cha petroli.

"Mke wangu anasema nimemsahau," Noah akasema, akipangusa taa. "Nikamwambia, mama Kiptum, wewe huna kutu, unataka niangalie nini?"

"Akajibu?" Mageto akauliza.

"Jana ugali ulipikwa mmoja, na haukuwa wangu."

Mageto, muuza ndizi, akacheka mpaka akaketi kiti cha nyuma cha Subaru. Akavuta mkanda. Majani mawili ya chai na kichipukizi, mabichi kabisa, yakaangukia suruali yake nyeupe.

"Alfayo! Hii nini?"

"Ni... manukato mapya."

"Yamechumwa leo!" Noah akanguruma. "Wewe uliyemfukuza Ogoti! Kiti hupati."

Alfayo akainama kama aliyefiwa. Mara simu ya Noah ikalia, na sauti ya mkewe Rodah ikasikika mpaka kwa pampu: "Baba Kiptum, lori bado imezama! Majani yameanza kupata moto. Hiyo gari ni ya kuangalia tu?"

Kabla hajajibu, Mongina, mke wa Mageto, naye akampigia mumewe. Hakusema mengi, lakini Mageto alisimama.

Noah akakohoa.

"Mwenyekiti," akasema polepole, "hapo nyuma zinaingia gunia ngapi?"

"Mbili, ukifunga mkanda. Ya tatu inaketi mbele."

Hivyo ndivyo Alfayo alivyochaguliwa. Magari matatu yakateremka kilima yaking'aa, mwenyekiti akiongoza. Kando ya barabara alisimama Ogoti na ndama wake, ambaye alishapona zamani. Ogoti akapunga mkono. Alfayo akatazama mbele.