Kocha Aliyejipindua Majini

Jumamosi iliyopita nilisimama ufukweni Lamadi nikimtazama kocha anayefundisha watu wenye ulemavu kupiga makasia. Kazi hiyo ameifanya miaka mingi, na bado sijamsikia akipaza sauti.

Mfugaji mmoja alikuwa amemleta binti yake kutoka Bukundi. Miguu ya binti haina nguvu, hivyo kocha alimfunga kwenye kiti cha mtumbwi kwa mkanda unaofunguka ukivutwa mara moja. Baba hakuuamini. Akaongeza kamba yake na kukaza fundo.

"Nimemfunga kama ndama, mwalimu. Hapo hatoki."

"Ndiyo shida yenyewe, baba. Mtumbwi ukipinduka, lazima atoke."

"Upinduke? Basi sisi tunarudi nyumbani!"

Binti akainamisha kichwa. Kocha hakubishana. Alivaa jaketi la kuokolea, akajifunga kwenye mtumbwi mwingine, kisha akajipindua makusudi. Tukabaki kuona tumbo la mtumbwi tu. Baba akashika kichwa kwa mikono miwili. Mara kocha akaibuka akikohoa, mkanda mkononi.

"Hilo ndilo somo la kwanza. Makasia baadaye."

Baba akapiga goti na kuifungua kamba yake mwenyewe. "Haya. Apinduke na yeye, nimwone."

"Sogea basi, baba, utalowa," binti akasema.

Nilipokuwa nafundisha watoto, nilijisifu kwamba hawaanguki. Huyu huanza kwa kuwaangusha. Binti alipinduka mara tatu asubuhi ile, na mara ya tatu baba hakushika kichwa, alipiga makofi.