Nafasi Iliyobaki Kwenye Kanda

Mrekodi kanda wa jirani na soko la Moshi hawezi kuona utepe mtupu akauacha. Huipuliza kanda kama anayepoza chai, huikaza kwa kalamu, na pale nyimbo za mteja zinapoishia hujazia ule wimbo unaovuma wa wasichana watatu, mabega yakimcheza. Mlangoni amepanda sale, jani ambalo Wachagga huombea radhi. Limechumwa mpaka linatia huruma.

Jumatatu moja Mama Eunike, kiongozi wa kwaya ya Kilutheri huko Marangu, aliingia bila hodi. “Tenzi zimeisha, mchungaji bado amefumba macho, mara wasichana wako wanaomba kubusiwa! Kwaya zote za mlimani nazihamishia kwa mwenzako.”

Bila kwaya, kibanda kingefungwa. Mrekodi alichuma jani, akalitoa kwa mikono miwili. “Nisamehe, mama yangu.”

Sale haikataliwi. Mama Eunike alilipokea huku amenuna.

“Haya, nimekusamehe, kwaya zitabaki. Lakini wimbo wenyewe umekatika katikati, na washarika hawaniachi, wanataka kujua kama wale wasichana walibusiwa.”